Sadaka Isiyobisha Hodi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Somanda, Bariadi, mwanangu, asubuhi ambayo mchele wangu uliitwa uchawi. Ulikuwa mchele safi, nimeupepeta kwa mikono yangu, nimeutoa kwa nia ya kheri. Lakini kabla jua halijapanda juu ya mabati, ulikuwa umewatoa watu majumbani mwao, na nusura umtoe bibi wa watu katika mtaa aliozeekea. Wewe ulikuwa tumboni mwangu. Hukuona kitu, ingawa mchele wenyewe, kama nitakavyokueleza, uliula.

Najua unachowaza. Nasaha hutolewa na wenye mvi, na mama yako hana hata unywele mmoja mweupe. Ni kweli. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, nami ninaongeza kwamba wapo wanaoona mengi mapema kwa sababu ya ujinga wao. Tena juzi ulirudi kutoka shule ukanisogelea kwenye cherehani, ukaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeiba, kwamba umempa mwenzako nusu ya andazi lako. Halafu ukauliza, "Mama, aliniona nikimpa. Thawabu imepotea?"

Nilicheka. Kisha nikaondoa mguu kwenye cherehani, kwa maana niliutambua ugonjwa. Ni wangu. Sikupenda uurithi, ndiyo maana nakaa leo nikusimulie.

Mimi ni fundi cherehani, na hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwetu Muheza, mkoani Tanga, kwa kufumua nguo kuukuu za mama yangu na kuzishona upya, mpaka nikajua kwa nini bega la nguo hukaa begani. Baba yako alipohamishiwa Bariadi, ofisi ya kilimo, nilikuja na cherehani yangu na hofu yangu. Hofu yenyewe ni hii: kitu kisipokamilika, naona ni afadhali kisiwepo. Nilikuwa nashona sketi ya shule, naifumua, naishona tena, eti pindo la ndani limepinda, pindo ambalo hakuna mwalimu wala mzazi atakayeligeuza kulitazama. Mteja anasema imependeza, mimi nasema bado.

Dini nayo nilijifunza hivyohivyo, peke yangu, mguu kwenye cherehani na simu juu ya meza ikitoa mawaidha. Kila neno kali nililishika, na lile la huruma lililolifuata likanipita kwa sababu ya kelele ya sindano. Nikitia udhu narudia. Nikimaliza nashuku kisigino. Baba yako alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Mwanahawa, maji yenyewe ya Bariadi ni ya kubahatisha, nawe unataka kuyamaliza kwa kisigino kimoja?" Nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka.

Mwanangu, wasiwasi ni mlinzi mbaya. Humzuia mwizi, ndiyo, lakini humzuia na mgeni.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kulwa, huyuhuyu unayemjua, mjane, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, anayelea wajukuu. Mwaka ule mvua ilikuja kwa kiburi. Ilinyesha pasipohitajika na kukata palipohitajika, na shamba lake la pamba huko kwao Shishiyu likatoa vitumba vya kusikitisha. Sikuambiwa na mtu kwamba ana shida. Nilikuwa nausikia mwiko wake ukutani. Sufuria yenye chakula, mwiko huizunguka polepole. Ya kwake ilikuwa inakwanguliwa mapema mno.

Nikataka kumpa kitu. Ungefikiri ni jambo rahisi: unachukua, unatoka nje, unapeleka. Si kwangu. Nilijiuliza, je, nia yangu ni safi? Akinishukuru nikafurahi, furaha ile si ndiyo riya, kutoa kwa kutaka sifa? Je, nimpe yeye Mkristo, au nimtafute kwanza Mwislamu mwenye njaa? Nilikuwa nimesikia kwamba riya huingia moyoni kimya kuliko sisimizi, basi nikashinda siku nzima nikiwinda sisimizi moyoni, na mwiko wa jirani unakwangua.

Kisha simu ikanisimulia habari ya mja mwema wa zamani aliyekuwa akibeba unga mgongoni gizani na kuuacha milangoni kwa maskini, wala hakuna aliyemjua mpaka alipofariki. Nililia mpaka nikasimamisha cherehani. Nikasema, hii ndiyo sadaka isiyo na doa. Hakuna wa kunishukuru, hakuna wa kunisifu, hakuna pa kuingilia sisimizi.

Nikaanza kazi. Mfuko wa plastiki niliuona hauna heshima, nikashona mfuko wa kitambaa. Nilikuwa na mabaki ya kaniki nyeusi, nikayafanya nje. Nilikuwa na vipande vya kitambaa chekundu, nikavitia bitana ndani na kupitisha utepe mwekundu mdomoni. Nikaufunga kwa kamba nyeupe, fundo zuri. Ndani nikatia mchele, na dagaa wa Nyashimo, na mafuta ya kula katika kichupa kidogo ili yasivuje, na donge la chumvi ya mawe nimelikunja kwenye karatasi ili lisilowe. Pindo la mfuko nililishona kwa kurudia mara mbili, kama ninavyofanya siku zote. Nilipomaliza niliutazama nikaona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kitu kisicho na kosa.

Msukuma yeyote anayesikia hapa ameshashika kichwa. Mimi nilikuwa mtu wa Muheza.

Baba yako alipokwenda msikitini alfajiri, nikatoka uani, nikauweka mfuko mlangoni kwa Mama Kulwa, katikati kabisa ya kizingiti ili asiukose, nikarudi kimya. Nikaswali. Niliswali kwa utulivu ambao sikuwa nimewahi kuupata. Kisha nikakaa dirishani kusubiri furaha.

"Mayu wane!"

Hiyo ndiyo furaha niliyoisikia. Mama yangu wee! Mlango wa Mama Kulwa ulifunguka kidogo, ukafungwa kwa kishindo, na sauti yake ikatokea dirishani akiita watu. Mtaa wetu unaujua, watu hawahitaji kuitwa mara mbili. Wakaja wanawake waliokuwa wanaelekea sokoni, akaja dereva wa bodaboda na abiria wake mgongoni. Wote wakasimama mbali na kizingiti, wameuzunguka mfuko wangu kama watu wanaotazama nyoka.

"Msiuguse," alisema yule dereva. "Kaniki, nyekundu na nyeupe. Hizo ni rangi za mganga kabisa. Umetegwa, mama."

Mmoja akachukua fimbo, akausukuma mfuko. Fundo langu zuri likaachia. Donge la chumvi likabiringika nje katika karatasi yake, na kichupa kikafuata, kikimetameta.

"Dawa hiyo! Na mafuta yake!"

"Mama Kulwa, usitoke! Ukiuruka tu, miguu imekwenda!"

Kwa hiyo wajukuu wa Mama Kulwa wakatolewa dirishani kwenda shule, mmoja baada ya mwingine, na mabegi yao wakirushiwa. Mdogo wao alikuwa anafurahi sana, anataka arudishwe ndani atolewe tena. Ningeweza kucheka, kama mwanamke mmoja asingeuliza lile swali.

"Nani kapita hapa alfajiri?"

Watu wakatazamana. Kisha mwingine akasema, polepole, "Mimi nilimwona Bibi Limi. Na ndoo."

Hapo hamu ya kucheka ikanikatika. Bibi Limi alikuwa anaishi ng'ambo ya njia, mzee peke yake. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia miti ya pamba maisha yake yote, na moshi wa miti ya pamba hauna huruma; lakini huku kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Tena majuzi tu mbuzi wake alikuwa ameingia kwenye bustani ya Mama Kulwa, wakarushiana maneno mpaka jioni. Sikuwa mwenyeji, lakini mambo mengine hayahitaji mtu awe mwenyeji ndipo ayajue. Nilishasikia habari za vikongwe waliofungasha usiku wakahama, na za waliochelewa kuhama. Neno kama lile, likisemwa juu ya mzee mwenye macho mekundu, haliishii ulimini. Nikashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Ungetegemea nitoke nje pale pale. Sikutoka. Nakwambia kweli kwa sababu uongo mdogo wa mzazi huwa mzigo mkubwa kwa mtoto. Nilichowaza kwanza kilikuwa sadaka yangu. Nikisema ni mimi, siri imeharibika. Nilichowaza pili kilikuwa ngozi yangu, maana watakuwa wamempata mchawi wao, na zaidi ametoka Tanga. Bibi Limi alikuja wa tatu, mwanangu. Wa tatu.

Nilitokea mlango wa uani, nikaenda kwa Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa akitufundisha wanawake darsa pale msikitini. Ni Msukuma, amekulia kwenye boma la ng'ombe, amesilimu alipoolewa, kwa hiyo alikuwa anazijua nyumba zote mbili, ile aliyotoka na ile aliyoingia. Nilimkuta anachambua choroko kwenye ungo. Sikumsalimia hata.

"Bi Nyamizi, nimetoa sadaka imegeuka."

"Sadaka haigeuki. Kaa. Imegeuka nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mkono ukiendelea kuchambua, mpaka nilipofika kwenye mfuko.

"Kaniki?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na nyekundu?"

"Ilikuwa bitana tu, mabaki ya..."

"Na mafuta kwenye kichupa. Na chumvi umeikunja kikaratasi."

"Isilowe."

Akafumba macho. "Mwanahawa, ulibakiza nini? Kuku mweusi?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia kwamba nikijitokeza thawabu ya siri itakuwa imekwenda.

"Na usipojitokeza, Limi amekwenda," alisema. "Chagua kipi kiende."

Akaweka ungo chini, na sauti yake ikalainika kidogo, kama chuma kinavyolainika, yaani si sana.

"Mola wetu ameikubali sadaka ya wazi, na ya siri akaisifu zaidi. Lakini hukujiuliza ile siri ni ya nini. Ni stara ya anayepewa, asidhalilike mbele za watu. Na ni dawa ya moyo wa anayetoa, asivimbe. Wewe umechukua kitambaa cha stara ya Mama Kulwa ukajishonea kanzu yako mwenyewe. Uliwaficha watu sadaka, au ulijificha wewe usikae na maskini ukatazamana naye?"

"Niliogopa kushukuriwa."

"Uliogopa. Ehe. Na yule mja mwema unayemsema, watu wake walipokuta unga mlangoni walisema nini?"

"Walimshukuru Mungu."

"Hapa wanasemaje wakikuta kitu mlangoni?"

"Wanasema umetegwa."

"Kila mji una mlango wake, binti yangu. Mwiba hutokea ulipoingilia. Umeingilia kwa Mama Kulwa, nenda ukautolee hapohapo. Mimi nakufuata, magoti yangu hayakimbii. Wewe kimbia."

"Na mimba?"

"Basi tembea vibaya. Nenda!"

Nilirudi nikitembea vibaya. Watu walikuwa wameongezeka. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa tayari kuuchoma mfuko, na abiria wake, aliyekuwa amechelewa safari kwa hiari yake, ameshika kiberiti. Na katikati yao alisimama Bibi Limi. Ndoo ilikuwa bado kichwani, imejaa, kana kwamba akiitua atakuwa amekubali kukaa kesini.

"Nimetoka bombani," alikuwa anasema. "Bombani nimetoka. Kwani kuna bomba la wachawi?"

"Basi sema umepita na nini."

"Na ndoo. Huioni? Au na wewe macho yako yameingia moshi?"

Alikuwa anajibu kwa ukali, lakini maji ya ndoo yalikuwa yanacheza. Kwa maji yale nilijua shingo yake inatetemeka. Kijana mmoja nisiyemjua akasema wazee wa mtaa waitwe, bibi afunguliwe nyumba aangaliwe ana nini. Wengine wakaitikia. Na umati ukiitikia, mwanangu, huwa umeshaanza kutembea.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ilitoka kama uzi usio na sindano. Nikavuta pumzi, nikasukuma watu kwa tumbo langu, yaani kwa wewe, wakanipisha.

"Ni mimi! Nimeweka mimi! Ni mchele!"

Dereva akarudi nyuma hatua. "Wewe, mtu wa Tanga? Jamani, kumbe hata si wa hapa. Ni uchawi wa kuagizwa!"

Wachache wakaguna kwa kicheko, wengine hawakucheka kabisa. Niliona macho yakihama kutoka kwa Bibi Limi yakija kwangu, na nikaelewa alichokuwa amekibeba yule mzee pamoja na ndoo. Nikauokota mfuko. Watu wakapiga yowe. Nikaugeuza ndani nje, mchele ukamwagikia kwenye khanga yangu, nikamwonyesha Mama Kulwa dirishani.

"Mama Kulwa, gauni ulilovaa kalishona nani?"

"Wewe."

"Geuza pindo la mkono. Tazama ndani. Halafu tazama huu mfuko."

Akageuza. Akatazama pindo lake, akatazama langu, mshono wa kurudia, uzi juu ya uzi, kwenye sehemu isiyoonwa na mtu. Kisha akawaambia watu, "Ni yeye. Hakuna fundi mwingine anayejitesa hivi."

"Mshono si hoja," alisema mwenye kiberiti. "Aule."

Nikaula. Nilitafuna mchele mbichi, nikatafuna dagaa na vichwa vyake, nikalamba chumvi, nikanywa funda la mafuta kwenye kichupa, na watu wananitazama kooni. Ulipiga teke moja kubwa sana, mwanangu. Sijui ulikuwa unakataa au unashangilia.

Na hapo ndipo Bibi Limi alipoitua ndoo. Aliitua taratibu, akaniinamia, akachota mchele kwenye khanga yangu.

"Nipe na mimi," alisema. "Kama ni uchawi wangu, niujue ladha yake." Akautafuna kwa meno machache aliyonayo, watu wote wanasubiri, akatema mate. "Mbaya. Haujaiva."

Alianza dereva. Alicheka mpaka chupa ya mafuta ya taa ikamponyoka. Kisha wanawake wa sokoni, kisha yule abiria, na kicheko kikapita mtaani kama mvua ile tuliyoisubiri mwaka mzima. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti nikalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kushona nguo ikanikaa vizuri kama ile nafuu. Bi Nyamizi alifika wakati huo, akihema, akauliza kama kesi imekwisha bila yeye, akaambiwa imekwisha, akasema ni haki yake basi apewe hata kiti.

Mama Kulwa peke yake hakucheka. Alifungua mlango, akasimama juu yangu.

"Mwanahawa, mimi na wewe tunasalimiana kila siku. Mwangaluka, nawe unajifunza kuitikia, mwangaluka. Leo umeshindwa kubisha hodi?"

"Nilitaka usione aibu."

"Aibu ya kupewa naijua, nimezoeana nayo. Ya kuwekewa kitu chini mlangoni kama paka, hiyo ndiyo nimeijua leo."

Mwanangu, katika yote niliyoambiwa asubuhi ile, hilo ndilo bado linanichoma. Nilikuwa nimempa mchele nikamnyima salamu. Niliiona njaa yake, sikumwona yeye. Nikamwomba radhi, na hapohapo nikageuka nikamwomba na Bibi Limi. Mama Kulwa naye akatazama chini, akasema, "Limi, ule mdomo wangu siku ya mbuzi..." Bibi Limi akamkata. "Mbuzi wangu kweli mwizi," akasema. "Mchawi siyo, lakini mwizi." Hivyo kila mmoja akapata pa kushikia heshima yake.

Mchele tuliupikia pale pale, kwenye sufuria ya Mama Kulwa. Nilisikiliza mwiko wake kwa karibu, ukizunguka polepole. Tulipokuwa tunakula, Bibi Limi alinisogelea akanishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Ng'wana wane, siku ukiniletea kitu, nibishie hodi. Hata kama umeniletea tusi. Mlango wa mzee ukibishwa hodi, mtaa mzima unajua humo mna mtu." Nilimuuliza Bi Nyamizi maana ya ng'wana wane. Akasema, "Mwanangu." Neno hili ninalokuita kila siku, kwa kweli nililipokea siku ile, kutoka kwa mtu niliyekaribia kumhamisha.

Baada ya siku si nyingi, hodi. Mama Kulwa amesimama na mfuko wangu wa kaniki, umefuliwa, umejaa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, vya kutoka kwao Shishiyu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Moyo wangu ukaanza tena kazi yake: nikipokea, je, si nitakuwa nimelipwa hapahapa duniani? Nilitaka kuvikataa kwa adabu. Bi Nyamizi alikuwa kwangu anapimwa gauni, akanifinya mgongoni. "Pokea," alisema. "Ulipewa nafasi ya kutoa, mpe na mwenzio." Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema wabeja, asante, kwa matamshi yangu mabaya ya Muheza, na Mama Kulwa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Viazi vile nilivila na chai ya tangawizi. Sikuwa na haja ya kufumua kitu.

Basi sikiliza sasa, mwanangu, nikwambie wazi nisije nikakuachia maneno mlangoni bila hodi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo wenyewe usiungoje ukamilike ndipo utoe. Ungengoja hivyo, mwenzako angekuwa bado ana njaa na andazi lako limeota ukungu. Nia ikipinda kidogo, inyooshe ukiwa njiani, usirudi nyumbani. Ukitoa, mfiche mwenzako na macho ya wanaomcheka, wala usije ukamkumbusha ulichompa wala kumsimbulia, maana masimbulizi huila sadaka kama mchwa ulavyo boriti. Lakini usimfiche yeye uso wako. Mtazame, msalimie, taja jina lake. Usiulize anasali wapi kabla hujauliza amekula nini. Akikurudishia kitu, hata kidogo, kipokee kwa furaha, naye ana mkono wa juu, yaani wa mtoaji, siku hiyo. Na siku jema lako litakapomletea mtu balaa, usilinde thawabu yako, mlinde mtu. Mwenye thawabu anajua pa kuiweka.

Na kuhusu andazi: hapana, haijapotea. Alikuona, akajua kuna mtu anamjali. Hiyo ilikuwa nusu ya pili.

Bibi Limi aliniambia jana kwamba ukitoka shule unapitia kwake, unamwambia habari za darasani, unakaa kwenye moshi wake mpaka macho yako nayo yanakuwa mekundu. Alicheka akasema mtaa sasa una wachawi wawili. Mimi nikageukia cherehani ili asinione nalia kwa raha, maana asubuhi ile ingeweza kwenda kwingine, na wewe ungekua bila kumjua.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiojichunguza mpaka ukasahau mtu aliye mbele yako. Akulinde na wasiwasi wa mama yako, akubakizie pindo lake. Rizki yako iwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Na kila nyumba utakayoiendea na kitu mkononi, kikubwa au nusu ya andazi, ubishe hodi, na sauti ya ndani ikuitikie bila hofu: karibu.